Kabla ya Maji Kulikuwa na Nini?

Wadogo zangu, mtu akiwaambia kwamba anajua kuvua katika bwawa kubwa, muulizeni swali moja: kabla ya maji kulikuwa na nini hapo? Akikosa jibu, bado anabahatisha. Ziwa limekaa mahali pake miaka na miaka, lakini bwawa ni bonde lililojazwa maji na watu ambao wengine wao wangali hai. Chini ya maji yake mto wa zamani bado una mkondo wake. Kuna makorongo, kuna vichuguu, kuna miti iliyofia wima. Samaki hupita na kujificha kwa kufuata vitu hivyo, na mvuvi anayevijua hapotezi siku yake.

Mimi nilijifunzia Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Dodoma, na babu wa rafiki yangu alikuwa mvuvi upande wa Migoli. Bwawa hilo likijaa huenea zaidi ya kilomita za mraba 600. Maji yake yanatoka mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, na ukuta wake ulijengwa katika miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu. Baadaye, mwaka 1988, Mtera nayo ikaanza kuzalisha umeme wake, megawati 80.

Mnaweza kushangaa umeme umeingiaje katika habari za samaki. Sikilizeni. Bwawa likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha chini kinachoruhusiwa kwa mitambo ni mita 690. Kwa hiyo kati ya kujaa na kipimo hicho kuna mita 8 na nusu, na kwa kuwa bonde lile ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu ufuko unakimbia mbali. Mvua za huko huanza kama Desemba na kuisha Aprili. Bwawa hujaa kuelekea Mei, kisha mitambo na jua vinalipunguza mwezi baada ya mwezi hadi mvua zirudi. Na huko juu, mpunga wa bonde la Usangu hunywa maji ya Ruaha Mkuu kabla hayajafika. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Hapo ndipo uanafunzi uliponisaidia. Likizo ndefu iliangukia kiangazi, maji yakiwa yameshuka. Likizo ya Pasaka ilinikuta bwawa limejaa. Anayekaa hapo mwaka mzima huona mabadiliko kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nikiona mabwawa mawili tofauti, na Babu aliitumia nafasi hiyo vizuri.

"Kiangazi usishike mshipi," aliniambia. "Tembea."

Tukatembea juu ya ardhi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imefunikwa na maji. Alinionyesha kingo za korongo lililoshuka kuelekea mto wa zamani. Ndiyo njia ya kambale, alisema. Kambale huwinda usiku kwa kupapasa na ndevu zake, na mvua za kwanza zikinyesha hupanda kwenye majani yaliyofurika kwenda kutaga. Alinionyesha visiki vilivyovaa utando wa kijani uliokauka. Huo utando ni chakula cha perege, ndiyo maana perege hawakai mbali na miti iliyozama. Na miti hiyohiyo hurarua nyavu, kwa hiyo mahali pale panafaa zaidi mshipi na ndoano.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kwenye mchanga: vishimo vya duara, kimoja kando ya kingine, kama masufuria yaliyosahauliwa. Dume la perege hukichimba kimoja na kukilinda. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai kinywani mwake mpaka vifaranga vitoke. Ukishaviona vishimo hivyo hutamsikiliza tena mtu anayetetea kokoro. Wavu ule huburuzwa chini, ukasawazisha vishimo vyote na kubeba hata vidagaa vya perege visivyofaa kitoweo. Sheria yetu imeupiga marufuku, na mimi naona ni haki kabisa.

Nilichora yote kwenye daftari. Lakini mchoro pekee hautoshi, maana maji yakirudi hakuna alama inayobaki juu ya uso wake. Babu akanifundisha kulinganisha: mbuyu mkubwa wa ufukweni uuweke sawasawa na ncha ya kilima kilicho nyuma yake, halafu ugeuke pembeni utafute jozi nyingine, mwamba na mti. Mistari ile miwili inapokatana, chini yako ndipo kilipo kisiki chako. Kisha unashusha chubwi na kupima kina, upate uhakika.

Pasaka iliyofuata tuliingia kwenye mtumbwi jua likiwa limekwisha kuchomoza. Hilo pia ni la kukumbuka: kabla ya mapambazuko viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na jioni wanatoka, kwa hiyo nyakati hizo mbili usiwe njiani mwao. Na kusimama majini kutupa ndoano, Mtera hakuna, mamba wapo. Mchana upepo ukianza kuinua mawimbi, mtumbwi mdogo unarudi ufukweni, hata kama samaki wanakula.

Babu alikaa kimya, akaniachia kasia. Nikautafuta mbuyu, nikautafuta mwamba, nikazungusha mtumbwi hadi mistari ikakutana, nikashusha chubwi. Kina kilikuwa mara mbili ya urefu wangu, kama daftari lilivyosema. Tulivua perege hapo mpaka upepo ulipotufukuza, wadogo tukiwarudisha majini.

Tulipokuwa tunafunga mtumbwi Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, chuo kinafunga lini tena?"

Nikamjibu, mwezi wa saba.

"Basi njoo wa tisa, maji yakiwa yameshuka zaidi. Twende upande wa Kisigo. Huko sijawahi kutembea."