Salio la Sifuri si Lazima Liwe Wizi: Kutafuta Sarafu Zilizopotea Kwenye Kifaa

MFANYABIASHARA anayechomeka kifaa chake cha kuhifadhia sarafu za kidijitali na kukuta salio la sifuri huwa na wazo moja tu, kwamba ameibiwa. Mara nyingi sivyo. Sarafu hazikai ndani ya kile kifaa, kama ambavyo nyumba ya Mji Mkongwe haikai ndani ya ufunguo wake. Zimeandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kifaa hubeba funguo tu. Mwenye anwani yake ya zamani anaweza kulikagua daftari hilo kwa dakika chache, bila ya gharama.

Daftari likionyesha kuwa mali imehamishwa kwenda anwani isiyojulikana, huo ni wizi, na hakuna benki ya kuyarudisha malipo. Ikiwa bado ipo pale pale, tatizo ni njia ya kuifikia.

Unguja ina sababu yake ya kulifuatilia suala hili. Mwaka 2021 kampuni ya World Mobile ilitangaza mpango wa kusambaza intaneti Zanzibar kwa ushirikiano na Input Output, watengenezaji wa mfumo wa Cardano, na sarafu yake ya WMT ilitolewa juu ya mfumo huo. Ni katika Cardano ndimo ulimo mkanganyiko unaowatoa watu jasho. Mwenye kifaa cha Ledger kilichoharibika huyachukua maneno yake 24 ya akiba na kuyaingiza katika programu ya kompyuta au simu, kama vile Yoroi. Programu huyapokea maneno bila ya kulalamika, kisha huonyesha sifuri. Sababu ni kuwa Ledger huukokotoa ufunguo mkuu wa Cardano kwa hesabu yake yenyewe, isiyofanana na ya programu hizo. Trezor nayo, kwa maneno 24, ina hesabu yake. Maneno ni yale yale, lakini yanafungua mlango mwingine.

Dawa ni kuyarudisha maneno katika kifaa cha aina ile ile ya mwanzo. Aliyekwisha kuyaandika katika simu hana budi, baada ya kuipata mali, kuihamishia kwenye funguo mpya kabisa, kwani siri imeshatoka nje.

Kwa muuza duka wa Darajani au Mlandege anayeagiza bidhaa Dubai au Guangzhou, sarafu inayomhusu zaidi ni USDT, inayokusudiwa kulingana na dola 1 ya Marekani. Hii hupita katika mitandao kadhaa. Anwani za Tron huanza na herufi T. Za Ethereum na za BNB huanza na 0x, na ufunguo mmoja hufungua zote mbili. Malipo yaliyotumwa kwa BNB hayataonekana kwa anayetazama ukurasa wa Ethereum, lakini hayajapotea. Afungue ukurasa wa pili. Ili kuyatoa, atahitaji pia kiasi kidogo cha sarafu ya mtandao husika kwa ajili ya ada. Wapo wanaodhani fedha zimezuiwa, kumbe wamekosa ada tu.

Kwa Bitcoin, waliohifadhi muda mrefu wakague akaunti za aina zote, yaani anwani zinazoanza na 1, na 3 na bc1, kwa kuwa programu huzionyesha mbali mbali.

Kuna na neno la ziada ambalo baadhi ya watu huliongeza juu ya yale 24. Hili ni la hatari zaidi kuliko namba ya siri, maana kifaa hakisemi kamwe kuwa limekosewa. Herufi kubwa badala ya ndogo, au nafasi moja iliyozidi, hufungua hazina nyingine iliyo tupu.

Maneno yenyewe huchaguliwa katika orodha ya maneno 2,048. Zipo orodha za Kiingereza, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine chache. Kiswahili hakimo, na kwa hiyo makosa ya tahajia ni mengi kwa anayenakili lugha asiyoizoea. Bahati nzuri, katika orodha ya Kiingereza herufi 4 za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Karatasi iliyoliwa na mchwa au kufifishwa na unyevu wa pwani bado ina thamani. Likipotea neno moja kati ya 24, na nafasi yake ikijulikana, hesabu ya uhakiki huwaacha wagombea wapatao 8 tu. Yakipotea mawili, hufikia zaidi ya 16,000, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaiweza. Yakipotea yote, hali ni nyingine kabisa.

Hapo hubaki kifaa chenyewe. Ledger hujifuta baada ya namba ya siri kukosewa mara 3. Trezor baada ya mara 16. Mmarekani Dan Reich alisahau namba ya Trezor yenye sarafu za Theta, akajaribu mara 12, akaacha. Fundi Joe Grand aliifungua kwa kuuvuruga umeme wa kifaa, kazi iliyoonyeshwa hadharani Januari 2022, na thamani yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 2. Lakini kasoro hiyo ilikuwa ya toleo la zamani, na fundi wa namna hiyo hapatikani kwa kuuliza barazani Jaws Corner.

Wanaopatikana kwa urahisi ni matapeli. Orodha ya wateja wapatao 272,000 wa Ledger, pamoja na anwani za nyumbani na simu, ilimwagwa hadharani Desemba 2020, na baadhi yao walitumiwa vifaa bandia. Anayetaka maneno 24 ili "akusaidie kurejesha" anataka mali.

Kisheria, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ajili yake, na Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Suala gumu zaidi Zanzibar ni mirathi. Nyumba, shamba la karafuu na akaunti ya benki vina hati, na kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina pa kuanzia. Kifaa kidogo kilichokutwa mtotoni mwa meza hakina. Warithi wasikijaribu namba ya siri kwa kubahatisha, wala wasikipeleke kwa fundi wa simu. Watafute kwanza, nyuma ya picha, ndani ya vitabu na bahasha za risiti, karatasi yenye maneno 12 au 24 ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote.