KIVUMBASI KIPI?

Hapa Garsen jina la kivumbasi hutajwa ovyo. Ukitumwa kachume kivumbasi tufukuzie mbu, si neno, chochote chenye harufu kali kitafaa. Lakini ukiambiwa ukichemshe unywe, hebu uliza kwanza: kipi?

Maana jina hilo moja lina mimea isiyopungua mitatu. Kuna kile kifupi cha kandokando ya njia, Ocimum americanum. Kuna kirefu, pengine humpita mtu, shina lake gumu kama kuni na jani ukilifikicha mara nyingi lanukia karafuu. Hicho ni Ocimum gratissimum. Cha tatu, Ocimum kilimandscharicum, chanukia kafuri, ile ya maiti. Ndugu yao mwingine ni mrehani wa kutia kwenye vikuba, Ocimum basilicum.

Harufu si pambo. Ndiyo mafuta yaliyomo ndani ya jani, na kila mafuta yana kazi yake. Kafuri ikinywewa kwa wingi huleta degedege, hasa kwa mtoto. Sasa fikiria mgonjwa aliyeelekezwa kile kifupi, akaletewa cha kafuri! Na mji wetu ni njia panda ya Malindi, Lamu na Hola: Mpokomo, Muorma, Mgiriama na Mswahili wa Lamu wote wanakutana sokoni, kila mtu na jina alilotoka nalo kwao.

Msidhani ni umaskini wa Kiswahili, la. Waingereza wana mmea wa dawa na mapishi uitwao "sage", wa jenasi ya Salvia, ukoo mmoja na kivumbasi. Jina hilohilo wakalibandika, kwa kuongeza neno "mwitu" tu, kwenye Lantana camara, kile kichaka chenye maua ya rangirangi ambacho ng'ombe na kondoo wakikila hudhurika ini! Wala si wa ukoo huo.

Wengine hutegemea shina la pembe nne. Kivumbasi kinalo kweli, ila lantana nayo inalo! Afadhali utazame maua: ya kivumbasi yamepangika ghorofa ghorofa juu ya kijiti, ya lantana yamekusanyika kishada cha mviringo, na shina lake aghalabu lina vimiba. Majani yakishasagwa unga, hayo yote hayaonekani tena. Itabidi umwombe muuzaji akuonyeshe mmea mzima.