Presha ya Mapafu: Dawa Isiyosubiri (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulisema kwamba presha ya mapafu si ile inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuambiwa tansiyo yake ni nzuri, kisha akasimama mara tatu kutafuta pumzi akipanda kilima kimoja cha Butembo. Ugonjwa uko kwenye mshipa unaotoa damu upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni. Wastani wa shinikizo humo ukizidi milimita 20 za zebaki, moyo wa kulia, uliozoea kazi nyepesi, huanza kuelemewa. Miguu huvimba.

Leo ni zamu ya dawa za kuvuta. Iloprosti huwekwa kwenye mashine inayoigeuza kuwa ukungu. Mgonjwa huvuta, na mishipa ya mapafu hutanuka bila sehemu nyingine za mwili kuguswa sana. Lakini nusu ya dawa iliyoingia kwenye damu huwa imeondoka katika dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana huvutwa mara 6 hadi 9 kwa siku: kwa juma, si chini ya mara 42. Treprostinili hudumu zaidi, nayo huvutwa mara 4 kwa siku.

Sasa mfikirie mkulima wa kakao wa Beni anayetoka alfajiri kwenda shambani. Mashine inataka chaji, inataka kuoshwa kwa maji safi. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu vijijini mara kwa mara. Anayekimbia Oicha usiku hubeba mtoto kwanza. Kumwandikia huyo kwenye fishi kwamba “hafuati matibabu” ni kumwonea. Afadhali aulizwe: jana ulivuta mara ngapi, na ile uliyoikosa ulikuwa wapi? Jibu lake humsaidia daktari kuchagua dawa anayoiweza, pengine kidonge cha sildenafili, ambacho humezwa mara 3 kwa siku na hakihitaji umeme.

Jambo moja lisisahaulike. Dawa hizi si za kila presha ya mapafu. Utafiti wa PAPUCO, uliofanyika Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa kwa watu wazima wengi chanzo ni ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, na hao dawa hizi zinaweza kuwadhuru. Kwa hiyo ekografia ya moyo itangulie. Wala pompe ya asma haichukui nafasi ya dawa hizi: hiyo hulenga njia za hewa, si mishipa ya damu.

Nawaomba mlio na mgonjwa nyumbani: dawa ikikaribia kwisha, msimpunguzie kimyakimya ili ifike mwisho wa mwezi. Kuikatiza ghafla kunaweza kurudisha shinikizo kwa kishindo. Nendeni kwa daktari chupa zingali na dawa.