Chumba cha Sitini Kinachogharimu Laki

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, nguzo za umeme kuanzia Ubungo mpaka Mwenge hujaa karatasi za "chumba kinapangishwa". Una wiki moja, pengine siku tatu, kabla vipindi havijaanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfukoni kuna boom na nyongeza kidogo aliyochanga mama. Usiikimbilie karatasi yenye namba ndogo kabla hatujapiga hesabu.

Boom ndiyo hiyo posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500. Ya siku sitini ni 600,000. Tuseme umepata chumba cha 70,000. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 420,000. Dalali naye anataka chake, kodi ya mwezi mmoja, 70,000. Umebaki na 110,000, hujanunua godoro wala ndoo, na siku sitini za kula zinakusubiri. Haifiki hata elfu mbili kwa siku.

Kwa hiyo ukipangiwa kitanda hosteli, kichukue usifikiri mara mbili. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, zina nafasi 3,840. Kuna mabweni ya zamani ndani ya kampasi, na kuna Mabibo. Geto la mtaani haliziwezi hizo kwa bei, maana maji, umeme na mlinzi vimo humohumo. Wengi huikwepa Mabibo kwa sababu iko nje ya kampasi. Kweli utalipa nauli, lakini uko jirani na soko la ndizi la Mahakama ya Ndizi, na mkungu ukigawana na wenzako watatu unapunguza bajeti ya kantini.

Kubebwa chumbani kwa rafiki hosteli ni sawa kwa wiki mbili, wakati unatafuta. Mpango wa mwaka mzima siushauri. Wawili kwenye godoro la futi tatu hamlali, na siku ya ukaguzi mwenzako ndiye atakayeponzwa.

Waliokosa kitanda sasa. Bei nitakazotaja hapa ni za kupigia hesabu tu. Weka ile unayotajiwa wewe.

Msewe na vichochoro vya Ubungo nyuma ya chuo ndiko wengi huanzia. Chumba cha choo cha nje tuseme ni 60,000, na darasani unakwenda kwa miguu. Mazuri yake ni mengi: chakula cha bei ya mwanafunzi, maduka ya kukopesha, majirani wanaojuana. Ila nyumba zilijengwa kila mtu alivyopenda. Vichochoro vingine hata bajaji haipiti, na usiku taa ya kukumulikia ni ile ya mbele ya duka la mangi. Duka likifungwa, giza. Njia ya mkato inayopita kwenye miti ya kampasi ni nzuri asubuhi, tumbili wakiwa juu ya matawi. Saa nne usiku ukiwa peke yako na laptopu mgongoni, usiipite.

Sasa ile maktaba mpya ya chuo iliyofunguliwa 2018 inakaa wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na disikasheni za vimbweta haziishi magharibi. Utachelewa tu. Ukipanda bodaboda usiku kumi na mbili kwa mwezi, 2,000 kila safari, ni 24,000. Bomba likikauka unanunua maji: madumu mawili kwa siku, 300 kila moja, kwa mwezi ni 18,000. Chumba chako cha 60,000 kimefika 102,000.

Sinza hutajwa kama mtaa wa wenye pesa, nami nadhani hapo ndipo wanafunzi hujinyima bila sababu. Ni eneo lililopimwa viwanja miaka ya 1970, kwenye mradi uleule uliozaa Kijitonyama na Mikocheni, ndiyo maana barabara zake zimenyooka na gari linafika mlangoni. Watu wako nje mpaka usiku mwingi: chipsi, nyama choma, maduka ya dawa. Chukua chumba masta cha 150,000 na mwenzako, kila mmoja 75,000. Daladala ni 600 tangu nauli zilipopanda Desemba 2023. Kwenda na kurudi siku 22 ni 26,400. Jumla 101,400. Umemzidi wa Msewe kwa choo cha ndani na barabara yenye watu, kwa pesa karibu ileile. Na kama unasoma kampasi ya Kijitonyama, kwenye mambo ya kompyuta, Sinza iko karibu na darasa kuliko Msewe.

Ubaya wake ni kelele. Baa za Sinza hazijui kuwa kesho una test. Kagua chumba Ijumaa usiku, kamwe si Jumatatu asubuhi. Sehemu za bondeni karibu na Mto Ng'ombe, tazama ukutani kama kuna mstari wa maji ya mafuriko. Rangi mpya iliyoishia magotini ni ya kuulizia.

Changanyikeni ni ya katikati. Kuna hewa ya mlimani, kuna wanafunzi wengi, na ukiwa upande wa karibu unatembea mpaka darasani. Ila jina hilo moja limebeba vyumba vya mlango kwa mlango na kitongoji cha nusu saa kwa miguu kutoka kituoni. Dalali atakwambia "Changanyikeni hapahapa". Mwambie mtembee, na uhesabu dakika.

Makongo Juu ni tulivu, nyumba za uzio na mbwa. Nyumba ndogo ya uani kwa mstaafu aliyesafiri ni bahati nzuri ukiipata. Lakini daladala ikikuacha, unapanda kilima gizani ukiangaliwa na mageti yaliyofungwa, na ukipiga kelele hakuna dirisha la jirani karibu. Ukimya wa mtaa usikufanye uone kuwa ndio usalama wake. Mwenge, kwa upande mwingine, ina usafiri wa kila pembe, ila kodi inalipa eneo kuliko chumba.

Kwenye stendi zenye msongamano, Mwenge, Mawasiliano au Ubungo, simu ikae mfuko wa mbele na usiitoe ukiwa dirishani kwa daladala. Bodaboda mchukue wa kijiweni anayejulikana na wenzake. Wa kupita njia mwache apite.

Pesa zinazofichwa ndizo zinazoumiza. Uliza LUKU ni ya wangapi. Mteja anayetumia umeme kidogo hutozwa bei nafuu kwa yuniti, lakini wapangaji wanane wenye mita moja huipoteza nafuu hiyo, na mwenye friji la kuuza barafu mnamchangia wote. Kwenye LUKU hiyohiyo hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Mkumbushe mapema, kwa upole, kabla hujatoa pesa. Kisha pesa ya taka, pesa ya ulinzi shirikishi, bili ya maji ya kugawana hata mwezi uliokuwa nyumbani likizo. Na ulizia geti. Kuna nyumba zinafungwa saa nne, na baada ya hapo unalala kwa rafiki.

Kitasa badilisha siku unayohamia. Mpangaji aliyetoka ana ufunguo, fundi ana mwingine, na mtoto wa mwenye nyumba pengine ana wa tatu.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kukagua chumba cha sitini. Tulifika saa mbili usiku kwa makusudi. Dalali alitaka twende saa nne asubuhi. Chumba kilikuwa kisafi, sakafu ya vigae, rangi ya maziwa. Mpwa wangu tayari anapanga meza itakaa wapi. Nikafungua dirisha. Lilitazama kichochoro cha upana wa mtu mmoja. Nondo zilikuwepo, ila hapakuwa na wavu, na nondo mbili za chini zilikuwa zimekwaruzwa rangi mpaka chuma kinang'aa, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama nje. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alituona tunatazama. "Hapo wanavua," akasema. "Wanaingiza fimbo yenye ndoano. Aliyehama alivuliwa simu na suruali yenye hela ya ada."

Yule mama hakutudai kitu kwa taarifa hiyo. Dalali tulikuwa tumeshampa 5,000 ya kutuonesha. Kwa hiyo mpangaji aliyepo muulize kabla ya mwenye nyumba, na umuulize akiwa peke yake. Ulizia maji, umeme, na aliyehama alihamia wapi na kwa nini. Halafu pita ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, ujue anayepokea kodi ndiye mwenye nyumba kweli. Kuna watu wamelipa miezi sita kwa mpangaji mwenzao.

Miezi sita nayo inajadilika. Baada ya wiki ya tatu ya muhula, chumba kisichopata mtu kinamuuma mwenyewe. Omba miezi mitatu, mkataba wa maandishi wenye kiasi, tarehe na hali ya chumba, na ulipe kwa simu ili ubaki na ujumbe wa muamala. Akikataa maandishi, kataa chumba, hata kama mizigo iko kwenye bajaji.

Mpwa wangu alichukua Sinza na mwenzake wa kozi moja, nyuma kidogo ya baa, analala na pamba masikioni. Yule dalali alinipigia simu wiki mbili baadaye.

"Mzee wangu, kile chumba sasa ni hamsini."

Nikamuuliza kama wameweka wavu dirishani.

"Dirisha lipo vilevile, mzee wangu. Ndiyo maana imekuwa hamsini."