Mruko wa Kinyumenyume wa Kikorea

Katika Tekken, mchezo wa mapigano ambao kampuni ya Namco ya Japani iliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na ambao katika Afrika Mashariki umejulikana zaidi kupitia mashine za PlayStation, kurudi nyuma ni nusu nzima ya ufundi, kwa kuwa mpiganaji anayejitoa kwa hatua moja tu humfanya hasimu wake apige hewa, na mkono uliopiga hewa huchelewa kurudi kujikinga. Namna ya kujitoa inayosifiwa kuliko zote huitwa mruko wa kinyumenyume wa Kikorea, kwa sababu wachezaji wa Korea Kusini ndio walioukuza hadi ukaogopwa, nao ulizaliwa pale kanuni mbili za mchezo zilipogonganishwa.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mchezaji akigusa upande wa nyuma mara mbili upesi, mhusika wake huruka kinyumenyume, lakini hawezi kuruka tena hivyo hivyo mpaka mruko huo uishe na miguu itulie. Kanuni ya pili ni kwamba kuchuchumaa hukatiza huko kutulia. Basi mjuzi hugusa nyuma mara mbili, huteremsha kijiti cha kumwongozea mhusika hadi kwenye kona iliyo kati ya nyuma na chini kwa kitambo kifupi mno, kiasi kwamba mhusika huanza tu kukunja magoti, kisha hukipandisha nyuma, hukiachia kirudi katikati, na kukisukuma nyuma tena, na hapo hapo mruko wa pili huanza kabla ule wa kwanza haujapoa. Ujanja wote umo katika ule mpando wa kutoka kwenye kona, ambao mchezo huuhesabu kuwa mguso wa kwanza kati ya miwili inayotakiwa, ingawa mchezaji alikuwa akiinuka tu. Anayeutazama mkono huona pembetatu ndogo ikichorwa na kurudiwa bila kukoma, na anayekitazama kioo humwona mhusika akiteleza kinyumenyume kama aliyefungwa kamba kiunoni na kuvutwa.

Thamani ya kasi hiyo hueleweka kwa kuhesabu fremu, yaani picha moja kati ya 60 ambazo mchezo huonesha kila sekunde, ambayo kwa hiyo hudumu takriban milisekunde 16.7, milisekunde ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ngumi nyepesi za Tekken hufika katika fremu ya 10, ilhali binadamu anayeona jambo na kuliitikia kwa kidole huhitaji milisekunde 200 hadi 250, sawa na fremu 12 hadi 15, na hivyo anayengoja kuiona ngumi ndipo aikwepe huwa amekwisha kupigwa. Anayesalimika ni yule aliyekuwa ameondoka tayari.

Ukali wa fremu hudhihirika zaidi katika pigo mashuhuri la wahusika wa ukoo wa Mishima, wakiwamo Heihachi na mwanawe Kazuya, liitwalo ngumi ya umeme ya mungu wa upepo. Mchezaji husukuma kijiti mbele, hukiachia, hukishusha chini, kisha hukipeleka kwenye kona ya chini na mbele, na kitufe cha ngumi ya kulia lazima kibonyezwe katika fremu ileile ambayo kijiti kinafika konani. Akichelewa kidogo, hutoka ngumi ya kawaida isiyo na umeme, ambayo hasimu akiikinga hupata nafasi ya kulipiza. Akilenga sawasawa, cheche huzunguka mkono, na hata ngumi ikikingwa mpigaji ndiye anayewahi kujiweka sawa. Hakuna jicho linaloweza kuisubiri fremu moja, kwa hiyo wanaoipata mfululizo huitegemea mikono iliyokariri mwendo, kama mpiga ngoma ambaye hahesabu vipigo vyake.

Vifaa navyo vina sauti katika jambo hili. Kijiti cha Kikorea hurudishwa katikati na pete ya mpira, tofauti na cha Kijapani kinachotumia springi, na wengi hukisifu kwa upesi wa kurudi, ambao mruko wa kinyumenyume unauhitaji sana. Hata hivyo umahiri haukubaki Korea: katika fainali ya mashindano ya Evo mjini Las Vegas mwaka 2019, Arslan Siddique wa Pakistani, ajulikanaye kama Arslan Ash, alimshinda Bae Jae-min, yaani Knee, Mkorea aliyehesabiwa miongoni mwa vigogo wa Tekken kwa miaka mingi.

Kasoro isiyotiliwa maanani sana ni runinga. Runinga bapa nyingi huisafisha picha kabla ya kuionesha, na ikiwa kazi hiyo itachukua milisekunde 50, mchezaji huwa anatazama mambo yaliyotokea fremu tatu zilizopita, huku ngumi ya fremu 10 ikimfikia macho imebakiza saba. Wenye uzoefu huingia kwanza kwenye mipangilio ya runinga na kuwasha hali ya michezo, ambayo huipunguza kazi hiyo, ndipo wanapoanza kuilaumu pedi ya kuchezea.