Kazi Ifanyike Wapi? Uchaguzi wa Zana za Kuundia Programu za Kivinjari

Milima ya Uluguru huonekana wazi kutoka mjini Morogoro, lakini nyuma ya migongo yake mna mabonde ambamo simu hushika mtandao kwa shida. Sababu yake ni ya kifizikia. Mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu husafiri karibu katika mstari mnyoofu. Mlima huyazuia kama uzuiavyo mwanga wa jua, na bonde hubaki kivulini. Kwa hiyo fundi anayeunda programu ya kutumiwa huko hana budi kujiuliza: kazi ifanyike kwenye simu ya mtumiaji, au kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali inayohifadhi na kutoa habari?

Zamani kivinjari kilikuwa dirisha tu. Kila mtumiaji alipobonyeza, seva ilituma ukurasa mzima upya. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alibuni Javaskripti, lugha inayokiwezesha kivinjari chenyewe kukokotoa na kukagua fomu. Gmail (2004) na Google Maps (2005) zilidhihirisha kwamba ukurasa waweza kuagiza kipande kinachohitajika tu. Baadaye zikaja zana za kurahisisha uundaji: jQuery mwaka 2006, React mwaka 2013 na Vue mwaka 2014. Zana hizi ni makusanyo ya maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo fundi huyatumia badala ya kuanza upya.

Katika kuzichagua, mambo matatu yapimwe.

Kwanza, uzito. Maagizo hayo sharti yasafirishwe hadi kwenye simu kabla ya kufanya kazi. Tuchukue mfano wa mtandao hafifu unaopitisha biti 400,000 kwa sekunde. Programu ya megabaiti 1, yaani biti 8,000,000, itachukua sekunde 20 kufika. Ya megabaiti 3 itachukua dakika nzima. Ya kilobaiti 150 itafika kwa sekunde 3. Baada ya kufika, maagizo mengi huichosha pia simu ya bei nafuu na kumaliza betri yake.

Pili, kustahimili kukatika kwa mtandao. Vivinjari vya siku hizi vyaweza kuhifadhi kurasa na data ndani ya simu, na kuzituma mawasiliano yanaporejea. Faida yake si ndogo. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia binadamu, ilifika mkoani Morogoro. Katika maradhi ya namna hiyo taarifa ikichelewa, ng'ombe na watu hupotea. AfyaData, iliyobuniwa na SACIDS katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ni mfano mzuri wa kugawa kazi. Mtu aliyeteuliwa kijijini hujaza dalili za ugonjwa katika programu ya simu, na taarifa hungoja humo hadi mtandao upatikane. Wataalamu nao huzisoma taarifa zilizokusanywa kwenye seva kwa kutumia kivinjari.

Tatu, umri wa zana. Flash ilitumika duniani kote kwa michoro hai na masomo ya kompyuta, lakini kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na masomo mengi yaliyotegemea zana hiyo yakafungika. Kurasa zilizoandikwa kwa viwango vya wazi vya HTML miaka ya 1990 zingali zasomeka. Zana inayomilikiwa na kampuni moja huishi kwa hiari ya kampuni hiyo.

Hakuna zana ifaayo kila mahali. Orodha ya bei za mboga za Mgeta yatosha kuandikwa kwa HTML tupu. Ramani inayobadilika kila mara, au fomu ndefu yenye ukaguzi mwingi, yaweza kustahili zana nzito zaidi. Kosa la kawaida ni kupima programu kwenye kompyuta mpya yenye mtandao wa kasi, kisha kuipeleka bondeni.

Jaribio darasani: Chrome na Firefox zina sehemu ya wasanidi inayoweza kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi. Wanafunzi wafungue kurasa tatu kwa kasi ndogo, waandike ukubwa wa kila ukurasa na sekunde ulizochukua, kisha wachore grafu. Hatimaye wajadili ni sehemu zipi zingeweza kuachwa bila msomaji kupungukiwa.