Misheni ya Bagamoyo (2): Ukoo wa Waliokosa Ukoo

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1868, pale Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja wakapata eneo nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kwa ridhaa ya Sultani. Leo tuingie ndani ya eneo hilo tuwatazame wakazi wake.

Mgeni anayefika misheni siku hizi hupitishwa kwenye njia ya miembe mikubwa hadi kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Hapo huambiwa kwamba Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na akina Susi na Chuma kutoka Chitambo, uliwekwa hapa kabla ya kuvushwa Unguja. Kisha huonyeshwa mbuyu uliomeza mnyororo, akapigwa picha, akaondoka. Sina ugomvi na hadithi hizo. Ila Livingstone alifika hapa akiwa maiti na akaondoka akiwa maiti. Parokia hii haimdai wala yeye haidai. Waliochimba misingi, wakachoma chokaa na kupanda minazi ni watu ambao majina waliyopewa na mama zao, kwa sehemu kubwa, hayajulikani tena.

Wengi wao waliingia misheni wakiwa watoto. Kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873, mapadre walikwenda sokoni wakanunua watoto, wakawatoa utumwani. Fedha zilitoka Ulaya, nyingine kwenye Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoasisiwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wa Kikristo wachangie watoto wa nchi za mbali. (Ndio Utoto Mtakatifu huo huo tunaowaona leo wakiimba mbele ya altare Jumapili.) Soko lilipofungwa biashara haikufa mara moja. Manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini, na baadhi ya waliookolewa walikabidhiwa misheni.

Wavulana walifundishwa useremala, uashi, uhunzi na kilimo, na wasichana walilelewa na masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Wakikua waliozeshwa, kila familia ikapewa nyumba na shamba katika kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Jina lilikuwa zuri kuliko hali. Kengele ndiyo iliyoamua saa ya kuamka, ya kusali, ya kwenda shamba na ya kulala, na kazi nyingi ilikuwa ya misheni kabla ya kuwa ya mkulima mwenyewe. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyepekua barua na shajara za wamisionari hao, ameonyesha kwamba wanakijiji hawakuwa kondoo wapole tunaowasoma kwenye vitabu vya sifa. Walinung'unikia kazi na masharti, walidai haki zao, na wapo waliotoroka. Mimi hilo halinishangazi. Mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja hujua kupima kama aliyemkomboa anamtaka yeye au anaitaka mikono yake.

Hata hivyo wengi walibaki, na sababu ya kubaki kwao ndiyo roho ya makala haya. Katika pwani ya karne ya 19 mtumwa alikuwa na kazi, hata mara nyingine na fedha kidogo, lakini hakuwa na ukoo. Hana mjomba wa kumposea, hana wa kumsimamia shaurini, na akifa hajulikani azikwe na nani. Misheni ilimpa vyote hivyo kwa njia yake. Kwenye ubatizo alipata jina na msimamizi, yaani baba au mama wa kumkimbilia. Kwenye ndoa alipata mashahidi. Kwenye mazishi alipata watu wa kubeba jeneza. Sakramenti ambazo padre aliziona kuwa za wokovu wa roho, kwa mkombolewa zilikuwa pia usajili wa undugu. Pango la Bikira Maria lililojengwa na wakombolewa mwaka 1876 lilikuwa la kusalia, na lilikuwa pia mahali pa watu waliotoka Manyema, Unyamwezi na Nyasa kukaa pamoja na kujiita wenyeji.

Haya hayakuwa ya Wakristo peke yao. Katika mji huo huo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo ya mashariki. Alisoma, akaheshimika, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria hadi kufa kwake mwaka 1931. Zikri na maulidi yake yaliwakusanya watu wengi ambao mji wa kiungwana uliwahesabu kuwa wa kuja. Kwa hiyo Bagamoyo ilikuwa na milango miwili ya kuingilia undugu mpya, mmoja wa kanisa na mwingine wa tarika, na anayeandika habari za mmoja bila kuutaja wa pili ameusoma mji nusu. Hata leo Wakatoliki ni wachache katika mji wa Waislamu, na mambo huenda kwa kutembeleana sikukuu na kuzikana.

Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walipoinuka dhidi ya Wajerumani na mji ukapigwa mizinga, raia walikimbilia misheni kwa wingi, wa dini zote. Abushiri hakuigusa. Baada ya vita mji ulianza kunyauka. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanzia huko mwaka 1905, misafara ya wapagazi haikuwa tena na sababu ya kushuka Bagamoyo. Ajabu ni kwamba kanisa kubwa la sasa lilijengwa wakati huo huo wa kunyauka, kati ya 1910 na 1914. Mwaka 1953 hata kiti cha askofu kilihesabiwa kuwa cha Morogoro, na Bagamoyo, mama wa Kanisa la Tanzania bara, ikabaki parokia ya mji mdogo.

Parokia ya mji mdogo huendeshwa na nani? Paroko ana vigango, shule na wagonjwa. Hawezi kuwa kila mahali. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia chombo chao AMECEA, walipozipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele mwaka 1976, mzigo umekaa kwenye nyumba za watu. Tanzania ilizipokea upesi, nadhani kwa sababu tulishazoea mabalozi wa nyumba kumi. Nenda jioni ya siku ya jumuiya: mkeka umetandikwa uani, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, "Tumsifu Yesu Kristo", "Milele amina", rozari, kisha Injili ya Jumapili ijayo inasomwa na kila mwenye neno analisema. Baada ya hapo katibu anafungua daftari, na hapo ndipo watu husogeza viti: nani amelazwa, nani amefiwa, mchango wa msiba ni kiasi gani, nani hajalipa zaka. Anayetaka mtoto wake abatizwe, au anayetaka kufunga ndoa, ataulizwa swali moja kwanza: uko jumuiya gani? Wapo wanaolilalamikia swali hilo, wakisema sakramenti imegeuzwa ada ya uanachama, na pale ambapo deni la zaka limezuia mazishi wana haki ya kulalamika.

Lakini tazama waliokaa uani. Mwalimu aliyehamishiwa kutoka Kagera, askari kutoka Mbeya, mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, mama anayekaanga samaki sokoni aliyekuja na mume kisha mume akaondoka. Hakuna hata mmoja mwenye mjomba Bagamoyo. Siku mtoto akiugua usiku, anayepigiwa simu ni mwenyekiti wa jumuiya, na wanaofika na uji asubuhi ni akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki.

Bagamoyo yenyewe nayo haikubaki parokia ya mji mdogo tu. Mwaka 2018 miaka 150 ya misheni iliadhimishwa hapa kwa misa ya maaskofu wa nchi nzima, na mwaka 2025 Papa Fransisko alitangaza Jimbo jipya la Bagamoyo, akamteua Askofu Stephano Musomba kuwa wa kwanza. Kiti cha askofu kimerudi pwani.

Wiki ijayo tutapanda bara na wakombolewa waliooana Bagamoyo, wakatumwa na mapadre kwenda kuanzisha Mhonda mwaka 1877. Tutaona jinsi watu wasio na ukoo walivyopokewa na wenye koo zao.